Rwagasore na swali aliloliacha: aliyeshindwa aende wapi?

Ndugu msomaji, mwaka 2009 nilivuka mpaka wa Mugina pamoja na marehemu baba yangu, tukitokea makazi ya wakimbizi ya Mishamo, Mpanda, nchini Tanzania. Nilikuwa na miaka 28, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kukanyaga nchi ambayo tangu utotoni niliambiwa kuwa ni yetu. Kabla ya kupanda gari la kwenda Nyanza-Lac tulibadilisha shilingi zetu kidogo kwa mama mmoja mfanyabiashara aliyekaa na mkoba wake kando ya barabara. Katika fedha alizotupa kulikuwa na noti ya faranga 10,000, ile iliyotolewa mwaka 2004, yenye sura za wanaume wawili.

Baba aliishika noti ile akaitazama kwa muda mrefu, hata yule mama akadhani tunaishuku kuwa ni bandia. Kisha akanionyesha sura moja akasema huyu ni Rwagasore, na huyu mwingine ni Ndadaye. Akasema wote wawili walichaguliwa na wananchi, na wote wawili waliuawa mwezi wa kumi. Hakuongeza neno. Akaikunja noti, akaitia mfukoni, tukapanda gari.

Mimi nilisoma shule za Tanzania tangu darasa la kwanza hadi ualimu. Niliweza kueleza habari za TANU na vita vya Majimaji bila kutazama daftari, lakini habari za Louis Rwagasore nilizijua kwa jina tu, jina ambalo wazee wa Mishamo walilitaja jioni wakiwa wamekaa nje, tena bila kukubaliana. Leo nafundisha watoto wa huku kwetu, na kila ifikapo tarehe 13 Oktoba, siku ya kumkumbuka, hakosi mwanafunzi wa kuniuliza swali lile lile: Mwalimu, ikiwa watu walimpenda kiasi hicho, mbona nchi haikushikamana? Makala haya ni jaribio langu la kumjibu mtoto huyo, na kuwajibu pia wenzangu tuliorudi, ambao kila uchaguzi ukikaribia huanza kupima kama mizigo tuliyoifungua tutaifunga tena.

MTOTO WA MWAMI NA WAFANYABIASHARA

Louis Rwagasore alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari 1932. Baba yake alikuwa Mwami Mwambutsa wa Nne, aliyetawala Burundi chini ya Wabelgiji. Mwaka 1945 alipelekwa kusoma Astrida, mji ambao leo unaitwa Huye, kusini mwa Rwanda, katika shule iliyowaandaa vijana wa nchi zote mbili kuwa maofisa wa utawala. Baadaye akaenda Antwerp nchini Ubelgiji kwa masomo ya juu, akarudi mwaka 1956.

Mtu wa ukoo wa kifalme mwenye elimu ya namna hiyo angeweza kukaa kwa raha zake. Wabelgiji wangempa eneo la kutawala, naye angekula matunda yake. Lakini mwaka 1957 Rwagasore alichagua kuanza na biashara. Aliunda ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi, akawaendea watu waliodharauliwa na wasomi wa wakati ule, wakiwemo Waswahili wa Buyenzi pale Usumbura, kama ulivyoitwa mji wa Bujumbura. Wachuuzi wale walikuwa wamebanwa. Biashara kubwa ya kuagiza na kuuza nje ilikuwa mikononi mwa wageni, na Mrundi alibaki na makombo. Rwagasore aliona kwamba uhuru wa bendera bila uhuru wa mfuko ni nusu ya uhuru.

Ni haki tuseme ukweli wote. Ushirika ule haukwenda vizuri. Kabla ya muda mrefu uliingia kwenye matatizo makubwa ya fedha, usimamizi ulikuwa dhaifu, na utawala wa Kibelgiji ukapata sababu ya kuuingilia. Mwana wa Mwami hakuwa mhasibu. Hata hivyo alipata kitu ambacho hakuna benki iliyoweza kukichukua, nacho ni imani ya watu wa sokoni. Wachuuzi walisafiri, walijuana milima kwa milima, na habari zilifika haraka kwa midomo yao kuliko kwa magari ya serikali. Chama cha UPRONA kilipoundwa mwaka 1958, njia za kukieneza zilikuwa tayari zimekwisha kulimwa.

Chama hicho kilikuwa na Waganwa, yaani watu wa koo za kifalme, pamoja na Watutsi, Wahutu na Waswahili. Ng'ambo ya mpaka, TANU ya Mwalimu Nyerere ilimtambua Rwagasore kama ndugu katika mapambano na kumsaidia. Hilo liliwaudhi sana Wabelgiji, waliomwona kuwa mtu hatari anayetaka uhuru wa haraka.

NYUMBA MBILI ZA UKOO MMOJA

Vijana wengi ninaowafundisha wanadhani mgawanyiko wa Burundi tangu mwanzo ulikuwa wa Wahutu na Watutsi. La hasha. Mgawanyiko uliomuua Rwagasore ulikuwa wa nyumba mbili za ukoo mmoja wa kifalme, Wabezi na Wabatare. Rwagasore na baba yake walikuwa Wabezi. Upande wa pili alikuwapo chifu Baranyanka, Mtare mwenye nguvu kaskazini na aliyependwa sana na Wabelgiji, pamoja na wanawe wawili wasomi, Joseph Biroli na Jean-Baptiste Ntidendereza. Hao ndio walioongoza chama cha PDC.

Kila upande ulikuwa na hoja zake. UPRONA ilitaka uhuru upesi na Mwami abaki kuwa kichwa cha taifa. PDC ilitaka mwendo wa taratibu pamoja na Wabelgiji, kwanza nchi iandaliwe ndipo bendera ibadilishwe. Hizo ni tofauti ambazo watu wazima wanaweza kuzijadili na kupigia kura. Lakini chini ya hoja hizo kulikuwa na kinyongo cha vizazi juu ya nani mwenye haki ya kutawala, na kila nyumba iliamini kwamba mwenzake akishika dola hatamwachia hata mahali pa kukaa.

Wabelgiji, badala ya kuwa waamuzi, waliingia uwanjani kucheza. Mwaka 1960 ilipitishwa kanuni ya kuwazuia jamaa wa karibu wa Mwami kufanya siasa, na kila mtu alijua kanuni hiyo imeshonwa kwa kipimo cha mtu mmoja. Mwishoni mwa mwaka huo, uchaguzi wa halmashauri ulipokuwa unafanyika, Rwagasore alikuwa amewekwa kizuizini nyumbani. Matokeo yake PDC ilipata viti 942 kati ya 2,876, na UPRONA ikaambulia 545. Mwanzoni mwa 1961 ikaundwa serikali ya muda, naye Ntidendereza akakabidhiwa wizara ya mambo ya ndani.

Hapo ndipo nampa Rwagasore heshima yangu kubwa kuliko zote. Alikuwa ameshindwa, tena katika mchezo ambao mwamuzi alikuwa na upande. Vijana wake walikuwa na hasira, na jirani yetu Rwanda alikuwa tayari ameonyesha tangu 1959 jinsi nyumba zinavyochomwa na watu kukimbia. Angeweza kusema kura haina maana, tuingie msituni. Badala yake chama chake kilipeleka malalamiko Umoja wa Mataifa, ambao ndio uliokuwa umeikabidhi Ubelgiji nchi yetu kuiangalia. Umoja wa Mataifa ulidai wanasiasa waachwe huru na uchaguzi wa bunge usogezwe mbele, uje usimamiwe na waangalizi wake. Waswahili wana msemo kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Yeye alikubali kungoja mchezo wa marudio.

WIKI MBILI ZA UTAWALA

Tarehe 18 Septemba 1961 wananchi walipiga kura. UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64. Vyama vingine vyote viligawana viti 6 vilivyobaki.

Ndugu msomaji, simama kidogo kwenye hesabu hiyo. Miezi michache tu nyuma PDC ilikuwa ndicho chama kikubwa nchini, na kiongozi wake mmoja alikuwa waziri. Ghafla wamebaki wachache, wakimtazama mtu waliyemfungia nyumbani akienda kushika serikali. Walikuwa wamemtendea vibaya, na waliamini, kama binadamu wengi wanavyoamini, kwamba naye atawatendea vile vile.

Rwagasore alijua hofu hiyo ipo. Katika hotuba yake baada ya ushindi alieleza kwamba huo haukuwa ushindi wa chama kimoja, ulikuwa ushindi wa utaratibu na amani, na akawataka wananchi wawapime viongozi wapya kwa matendo yao. Mwishoni mwa Septemba akawa Waziri Mkuu, akiwa na miaka 29. Katika serikali yake alikuwemo Pierre Ngendandumwe, Mhutu msomi ambaye baadaye naye angekuwa Waziri Mkuu.

Jioni ya tarehe 13 Oktoba 1961, akiwa mezani katika hoteli moja ya kando ya ziwa Tanganyika mjini Usumbura, alipigwa risasi na kijana wa Kigiriki aitwaye Kageorgis. Alikuwa ametawala wiki mbili na siku chache. Uchunguzi uliwafikia haraka viongozi wa PDC, Ntidendereza na Biroli wakiwa miongoni mwao. Kuhusu mkono wa maofisa wa Kibelgiji, jambo hilo limezungumzwa tangu siku zile, na mwaka 2018 serikali ya Burundi ilitoa tamko la kuinyooshea Ubelgiji kidole.

Hatuwezi kujua Rwagasore angetawala vipi. Wapo waliowahi kuwa na maneno mazuri wiki ya pili na mikono michafu mwaka wa kumi. Mimi ni mwalimu, sitaki kumpa mtu maksi za mtihani ambao hakupewa muda wa kuufanya. Ninachoweza kupima ni kile walichofanya waliobaki.

KAMBA YA GITEGA

Kageorgis aliuawa tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru. Wenzake walikuwa wamepewa vifungo. Lakini baada ya uhuru kesi ilifunguliwa upya mbele ya mahakama mpya, na tarehe 15 Januari 1963 watu watano, wakiwemo Ntidendereza na Biroli, walinyongwa hadharani mjini Gitega mbele ya umati mkubwa.

Sisemi kwamba waliopanga mauaji walistahili kupewa maua. Damu ya Waziri Mkuu ilimwagika na sheria ilikuwa na kazi yake. Ninachosema ni kwamba siku ile kila mwanasiasa wa Burundi alijifunza somo moja, kwamba katika nchi hii aliyeshindwa hana njia ya kurudi. Ama ashinde, ama afe, ama akimbie. Na mtu akishaamini hivyo, hatapeleka malalamiko yake popote; atatafuta bunduki kabla mwenzake hajaipata.

Walioshangilia kwamba upinzani umekwisha hawakufurahi muda mrefu. UPRONA yenyewe, baada ya kukosa mpinzani wa nje, iligeuka ikaanza kujitafuna. Muhirwa, shemeji yake Rwagasore aliyerithi uwaziri mkuu, aligombania uongozi wa chama na Paul Mirerekano, aliyekuwa Mhutu. Bungeni yakazuka makundi mawili, moja likiitwa Casablanca na jingine Monrovia, na polepole ugomvi wa makundi ukavaa nguo za ukabila. Hapa pia Rwagasore ana sehemu yake ya lawama, kwani alijenga chama kikubwa juu ya mabega yake mwenyewe. Yalipoondoka mabega, nyumba haikuwa na nguzo nyingine.

Tarehe 15 Januari 1965, miaka miwili kamili tangu siku ya kunyongwa kwa wale wa Gitega, Waziri Mkuu Ngendandumwe alipigwa risasi akitoka hospitali ambako mkewe alikuwa amejifungua. Mwezi Mei mwaka huo ukafanyika uchaguzi, na Wahutu wakapata viti 23 kati ya 33. Mwami akamteua Mganwa kuwa Waziri Mkuu. Mwezi Oktoba likafuata jaribio la mapinduzi na mauaji ya kulipiza. Mwaka 1966 ufalme ukaondolewa na jeshi likashika nchi. Mwaka 1972 wakauawa watu wanaokadiriwa kati ya laki moja na laki tatu, wengi wao Wahutu, na maelfu kwa maelfu wakakimbilia Tanzania. Baba yangu alikuwa mmojawapo. Ndivyo nilivyozaliwa Mishamo.

Mwaka 1993 mlango ulifunguliwa tena. Melchior Ndadaye alichaguliwa tarehe 1 Juni, akauawa tarehe 21 Oktoba, na vita vikaja. Sura ya pili kwenye noti ya baba.

MPAKA WA MINYAA

Sasa nirudi kwa mwanafunzi wangu. Je, nchi iliyogawanyika hivi, yenye kura, inaweza kushikamana?

Makubaliano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000, yaliyoanzwa kusuluhishwa na Mwalimu Nyerere na kumaliziwa na Mzee Mandela, yalitafuta jibu kwa hesabu. Bunge na serikali vigawanywe kati ya Wahutu na Watutsi. Jeshini kabila moja lisizidi nusu. Wapo wanaoyabeza wakisema ni kuhesabu watu kama magunia. Mimi nayaelewa kwa njia nyingine. Shabaha yake ilikuwa kuondoa lile somo la Gitega, ili mtu akishindwa aweze kwenda nyumbani akalala, akijua kesho bado ana kiti, bado ana ndugu jeshini, bado ana sauti. Ni kwa sababu ya makubaliano hayo sisi wa 1972 tulithubutu kurudi.

Hata hivyo karatasi haijitoshelezi. Mwaka 2015 mzozo wa uchaguzi ulizuka tena, na baadaye idadi ya waliokimbilia nchi jirani ikapita laki nne. Kwa hiyo naongeza mfano mmoja mdogo wa mlimani kwetu, ambao naujua kuliko hotuba zote.

Tuliporudi mwaka 2009 tulikuta shamba la babu, lenye michikichi aliyoipanda yeye mwenyewe, linakaliwa na familia nyingine tangu miaka ya sabini. Mzee wa familia ile alikuwa amewekwa pale na waliokuwa na mamlaka, wanawe wamezaliwa pale, na makaburi yao yako pale. Tulichukiana kwa dhati. Yeye alijiunga na chama alichoamini kitamlinda, nasi tukaunga mkono kile tulichodhani kitaturudishia. Mwishowe bashingantahe, wazee wa mlima, walitukalisha siku tatu. Tukagawana shamba nusu kwa nusu, tukapanda mstari wa minyaa katikati. Baba hakufurahi, na yule mzee hakufurahi. Walioshuhudia walisema hiyo ndiyo dalili ya hukumu nzuri.

Mwaka 2015 yule mzee na watoto wake walikimbia usiku kuelekea Tanzania. Asubuhi vijana wa mlimani walinijia wakaniambia, kama mtu anayemletea mwenzake habari njema, kwamba sasa shamba lote ni langu, ning'oe minyaa. Sitadanganya, ndugu msomaji. Nililiwaza jambo lile usiku mzima. Shamba lilikuwa la babu yangu. Lakini nilikumbuka kwamba baba yangu pia aliwahi kukimbia usiku, na kuna mtu siku ile aliambiwa maneno hayo hayo.

Sikung'oa. Nilivuna mawese ya upande wake nikauza, nikaweka hesabu kwenye daftari. Mzee alirudi mwaka 2019. Hakuja kwangu kwanza. Alikwenda moja kwa moja kutazama minyaa. Alisimama pale kitambo. Jioni alikuja, nikampa daftari na fedha, tukakaa. Bado hatupigi kura chama kimoja, na sidhani kama tutawahi. Lakini mwaka uliofuata, siku ya uchaguzi, tulikwenda kituoni kwa njia moja.

Jibu langu kwa mwanafunzi ni hilo. Nchi iliyogawanyika haihitaji watu wapendane ndipo isimame. Inahitaji kila anayeshinda, hasa anayeshinda kwa kishindo, amwachie aliyeshindwa mpaka wake pale pale alipouacha. Na inahitaji aliyeshindwa afanye kama Rwagasore wa mwisho wa 1960, angoje mchezo wa marudio bila kushika jiwe. Upande mmoja ukikataa, wa pili hautaweza peke yake.

Rwagasore amelala Vugizo, juu ya mji wa Bujumbura, mahali unapoweza kuliona ziwa lote mpaka milima ya Kongo. Ukipita Bujumbura na mzigo wako, panda ukamwone. Viti 58 alivipata kwa siku moja. Wale wenye viti 6 ndio waliokuwa mtihani wake, na hakupewa muda wa kuufanya. Mtihani huo tumebakishiwa sisi.